Mzigo wa moyoni: je, tumlipe mshauri?

Akina mama wapendwa, mwezi huu tumeona ni vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini, tukiwa tumebaki wawili jikoni baada ya wageni kuondoka. Ni habari ya mama ambaye moyo wake umeelemewa kwa siku nyingi. Amekwisha kuomba, amekwisha kumweleza dada yake, na sasa amesikia kwamba mjini kuna mshauri wa kulipia, ambaye mtu huenda akakaa naye karibu saa nzima na kuzungumza. Usiku anajigeuza kitandani na kujiuliza: Niende? Fedha hiyo nitaitoa wapi wakati ada ya mtoto haijatimia? Na watu wakijua watasemaje?

Hatuwezi kumpa kila mama jibu lile lile, kwa maana nyumba hazifanani. Lakini tunaweza kuligawa swali hili kubwa katika maswali madogo madogo, ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyajibu akiwa nyumbani kwake.

HUZUNI AU UGONJWA?

Maisha yana huzuni zake. Aliyefiwa hulia. Aliyegombana na mumewe hukosa usingizi. Ambaye mwanawe ameshindwa mtihani hukaa kimya siku kadhaa. Huko si kuugua, na hakuna haja ya kumlipa mtu. Ndugu wa karibu, jirani mwema, sala, na muda wenyewe huponya mengi ya namna hiyo.

Lakini ipo hali nyingine ambayo madaktari huiita sonona. Mtu huyu haoni tena ladha ya jambo lolote. Kwaya aliyokuwa akiipenda sasa anaiona mzigo. Chakula hakishuki, au anakula bila kipimo. Usingizi unakatika saa tisa za usiku na haurudi. Anajiona hana thamani, ni mzigo kwa watoto wake. Ili kutofautisha hali hizi mbili, tutazame mambo mawili: muda na kazi. Muda: je, hali hii imekuwepo karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi? Kazi: je, imeanza kumzuia kufanya yale aliyokuwa akiyafanya, kama kuamka, kuoga, kupika, kufungua genge, kumnyonyesha mtoto na kumchekea? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, huyo si mama mvivu wala si mama asiye na imani. Ni mgonjwa anayestahili kutibiwa.

Tena tujue kwamba ugonjwa huu mara nyingi hujificha mwilini. Mama analalamika kichwa, mgongo, tumbo kuwaka moto, moyo kwenda mbio. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa za maumivu, anarudi nyumbani vile vile. Ukimwuliza kwa upole atakuambia tu, "Mawazo yamenizidi." Neno hilo tusilidharau. Huko Zimbabwe, Washona wana neno lao, kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, na madaktari wa huko wamelipokea kama njia ya wananchi ya kuutaja ugonjwa huu huu.

Wala si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba sonona huwapata wanawake kuliko wanaume, kwa kiasi cha mara moja na nusu hivi. Na kwa mama waliojifungua katika nchi zinazoendelea, karibu asilimia 20 hupatwa na shida ya akili, hasa sonona. Maana yake ni hii: katika mama watano waliobeba vichanga kwenye benchi la kliniki, huenda mmoja anaumwa, na hajamwambia mtu.

KWANZA MWILI

Kabla ya kutafuta mshauri wa kulipia, tunashauri mama apimwe mwili wake. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana sana na sonona. Ugonjwa wa tezi ya shingo unaweza kumfanya mtu awe mzito na mwenye huzuni, au awe na wasiwasi na moyo wa kwenda mbio. Zipo pia dawa ambazo humbadilisha mtu hali ya moyo. Ingekuwa hasara kulipia vikao sita vya mazungumzo, kumbe kilichohitajika ni kipimo cha damu. Kwa hiyo mama aende kwenye kituo cha afya, aeleze yote, na asiishie kwenye maumivu ya kichwa peke yake. Aseme, "Silali, ninalia bila sababu, na imekuwa hivi kwa mwezi mzima." Maneno hayo machache humwonyesha mganga njia ya kufuata.

MAMBO YASIYONGOJA MIADI

Yapo mambo ambayo hayamhusu mshauri wa kulipia hata kidogo, kwa sababu hayawezi kungoja mpaka Alhamisi ijayo saa kumi. Mama akisema anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga. Akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Akiwaza kumdhuru mtoto. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Dawa za panya, dawa za kuulia wadudu shambani na vidonge vyote viondolewe karibu naye. Na kumwuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu ya kuweza kusema.

Tumtazame kwa namna ya pekee aliyejifungua. Mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua hupatwa na ugonjwa mkali wa akili, na mara nyingi huanza ndani ya majuma mawili ya kwanza. Analala kidogo sana, anazungumza mambo yasiyoungana, anabadilika ghafla, anawashuku watu wa nyumbani. Wengi husema ni mashetani au amerogwa, na siku zinapotea. Huu ni ugonjwa wa kukimbiza hospitali, kama vile tunavyokimbiza mama anayetoka damu nyingi. Nao hutibika.

MLANGO ULIO KARIBU ZAIDI

Watu wengi hudhani kwamba zipo njia mbili tu: kuvumilia, au kulipa fedha nyingi. Sivyo. Hospitali za mikoa na hospitali nyingi za wilaya huwa na mtu aliyesomea magonjwa ya akili, awe daktari au muuguzi. Hapa Tanzania tunayo Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma. Wenye mila ya kanisa watakumbuka Lutindi, kule katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ambako Walutheri wamekuwa wakiwatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Hivyo wale wanaosema kwamba ugonjwa wa akili si kazi ya waumini wamesahau historia yao wenyewe.

Tunajua kinachowazuia wengi. Ni jina. Mama akionekana ameketi nje ya kliniki ya afya ya akili, kesho sokoni atasemwa kuwa ni kichaa. Lakini wanaokaa kwenye mabenchi hayo si wale tu wanaookota makaratasi barabarani. Wapo walimu, wapo wafanyabiashara, wapo wenye kifafa waliokuja kuchukua dawa zao, wapo mama kama sisi. Tukumbuke pia kwamba sonona iliyo nzito mara nyingi huhitaji dawa pamoja na mazungumzo. Mshauri asiye daktari haandiki dawa. Nazo dawa hizo huchukua majuma kadhaa kabla hazijaleta nafuu, na haifai kuziacha ghafla bila kumwambia daktari, hata kama tumeanza kujisikia vizuri.

Je, msaada usio wa gharama ni msaada hafifu? Hapa tunayo habari njema, na imetoka karibu na kwetu. Huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ulifanyika utafiti katika vijiji 30, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Wenyeji wa kawaida walifundishwa kwa majuma mawili namna ya kuongoza vikundi vya watu wenye sonona, wanawake na wanawake wenzao, wanaume na wanaume wenzao. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16, kuzungumzia misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha, na kusaidiana kutafuta la kufanya. Katika vijiji vilivyopata vikundi, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi walishuka pia, lakini asilimia 54.7 walikuwa wangali wagonjwa.

Jijini Nairobi, wanawake 421 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Wengi wao walikuwa wamepatwa na ukatili. Baadhi yao walikutana mara tano na wahudumu wa afya wa mtaani waliofundishwa kazi hiyo, na baada ya miezi mitatu hao walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Na huko Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba walioketi kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita.

Tunajifunza nini? Kwamba kinachoponya si zulia la ofisini wala ukubwa wa ada. Ni kusikilizwa kwa utaratibu, na mtu aliyefundishwa, anayesimamiwa, na anayerudi juma linalofuata. Tusije tukapotosha jambo hili: hao bibi na wahudumu walifundishwa. Hawakuwa majirani tu wenye maneno mengi. Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, mama aulize hospitalini na kwenye kituo chake cha afya: "Je, kuna mshauri nasaha hapa? Kuna kikundi?" Kuuliza si ujinga.

BASI FEDHA INANUNUA NINI?

Ikiwa msaada wa bure upo, kwa nini basi mtu alipe? Zipo sababu za kweli, na hatuna budi kuzisema. Kwanza ni muda. Katika kliniki yenye foleni ndefu, daktari ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Mshauri wa kulipia hukupa dakika 45 au saa nzima. Pili ni mtu yule yule. Hospitalini unaweza kukutana na sura mpya kila unaporudi, ukaanza upya kusimulia mambo ambayo kuyasema mara moja tu ni mateso. Tatu ni faragha, hasa katika miji midogo ambako muuguzi ni binti wa jirani. Nne ni uchaguzi: unaweza kutaka mwanamke, au mtu aliyezoea mambo ya kufiwa na mtoto, au ya ndoa.

Lakini kuna yale ambayo fedha hainunui. Mshauri hambadilishi mume ambaye hayumo chumbani. Halipi madeni. Hawezi kumwondolea mama kazi za kutwa nzima kama hakuna mtu nyumbani wa kumpokea mzigo. Na mshauri wa kweli hatakuahidi kwamba utapona kwa siku fulani. Mama anayekwenda akitegemea miujiza hiyo atarudi na uchungu na pochi tupu.

Kwa hiyo tunaona hivi. Kulipa kunafaa pale ambapo msaada wa bure haupo, au umejaribiwa na haukutosha, au haiwezekani kuutumia kwa sababu ya siri, na wakati huo huo fedha ipo bila kuwanyang'anya watoto chakula. Kama masharti hayo hayajatimia, tuanze na mlango ulio karibu.

HESABU ZA NYUMBANI

Tuchukue mfano wa mama ambaye tutamwita Mama Neema. Tuseme mshauri aliyempata anatoza shilingi 40,000 kwa kikao, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000. Akiangalia kikao kimoja, ataona ni shilingi 44,000 na atasema, "Hiyo nitaipata." Lakini hakuna anayepona kwa kikao kimoja. Akienda mara nane, itakuwa shilingi 352,000. Hiyo ndiyo hesabu ya kuitazama kabla ya kuanza, wala si ile ya siku moja.

Sasa Mama Neema ana njia kadhaa. Anaweza kumwuliza mshauri kama hupunguza ada kwa wenye kipato kidogo. Wapo wanaofanya hivyo, lakini wengi hawatangazi, mpaka uulize. Anaweza kwenda kila baada ya majuma mawili badala ya kila juma, kama mshauri anaona haina hatari. Anaweza kuuliza kama kazini kwake, au kazini kwa mumewe, kuna utaratibu wa ushauri kwa wafanyakazi. Kama ana bima, aulize kabla, na aulize kwa maandishi: je, inalipia ushauri nasaha, vikao vingapi, na kwa nani? Anaweza kutumia zamu yake ya upatu. Hapo tungependa kusema neno. Mama wengi huona ni halali upatu kununua vyombo, vitenge vya sare na friji, lakini huona haya kuutumia kwa afya yao. Kama jino lingeuma, tungelitoa fedha ya kulitibu bila kuona tumewaibia watoto. Moyo nao ni sehemu ya mwili wa mama huyo huyo ambaye watoto wanamtegemea.

Ila tusikope kwa wale wenye riba kali ili kulipia ushauri. Deni la namna hiyo ni chanzo kingine cha kukosa usingizi. Na tangu mwanzo, mama ajiwekee kituo: baada ya vikao vinne, akae na mshauri wake waulizane, "Tulianza na shida gani? Imepungua? Tunaendelea kwa lengo gani?" Kama hakuna lililosogea wala hakuna maelezo ya maana, si kosa kuacha na kutafuta mwingine.

NANI HUYU TUNAYEMLIPA?

Siku hizi mtu yeyote anaweza kubandika kibao mlangoni na kujiita mshauri wa ndoa na saikolojia. Kwa hiyo tusione aibu kuuliza maswali, kwa adabu, hata kwa simu, kabla ya siku ya kwanza. Umesomea wapi, na kwa muda gani? Umeandikishwa na chombo gani? Daktari wa magonjwa ya akili hapa Tanzania anapaswa kuwa ameandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa dada zetu wa Kenya, kuna sheria ya mwaka 2014 inayowataka washauri na wanasaikolojia waandikishwe na kupewa leseni. Nani anasimamia kazi yako? Mshauri mzuri naye ana mkubwa wake wa kumwongoza. Nikizidiwa, utanipeleka wapi? Siri zangu utazitunzaje, na ni wakati gani utalazimika kuzitoa? Kwa kawaida jibu la haki ni kwamba siri hutolewa tu pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, au mtoto anapodhuriwa.

Zipo alama za kutukimbiza. Anayedai fedha ya vikao kumi mapema na hatoi stakabadhi. Anayesimulia habari za wateja wengine, kwa maana kesho atasimulia zako. Anayekuambia uache dawa za hospitali. Anayetaka mwonane usiku, hotelini, au anayekugusa na kukupa sifa za mwili. Anayekutenga na ndugu zako wote akubaki nazo yeye peke yake. Hapo mama achukue mkoba wake aondoke, na amwambie mtu anayemwamini.

MUME, MCHUNGAJI NA SIRI

Je, mume aambiwe? Katika nyumba yenye amani, tunashauri aambiwe, na aambiwe kwa lugha ya ugonjwa wala si ya lawama. Kuna tofauti kati ya kusema, "Wewe umenifanya niwe mgonjwa," na kusema, "Baba Neema, tangu mtoto azaliwe silali, ninalia, na muuguzi amesema natakiwa kuzungumza na mtaalamu. Naomba unisindikize siku ya kwanza." Wanaume wengi huogopa kwamba wanakwenda kusemwa. Akijua kwamba lengo ni mkewe kupata usingizi, huenda yeye mwenyewe akatafuta nauli.

Na mchungaji je? Wapo wanaosema kwamba kumwona mtaalamu ni kukosa imani. Hebu tumkumbuke Hana, mama yake Samweli. Alikuwa na uchungu hata hakuweza kula, na mume aliyempenda hakuelewa kwa nini upendo wake hautoshi. Alipokuwa hekaluni akiomba kwa midomo tu, kuhani Eli alidhani amelewa. Mtumishi wa Mungu aliyatazama machozi akayasoma vibaya. Lakini Hana alijieleza, na Eli akasikiliza, akageuza maneno yake. Tunamkumbuka pia Eliya, alipochoka hata akaomba afe: kwanza alipewa usingizi na mkate, tena mara mbili, ndipo safari ikaendelea. Mwili haukudharauliwa.

Kwa hiyo mchungaji na mshauri hawagombanii mtu mmoja. Mchungaji hutuombea, hutukumbusha kwamba hatujaachwa, huja msibani. Lakini si kila mchungaji amefundishwa kutambua sonona, na aliye mwema hukiri hivyo na kumwelekeza mama hospitalini. Tuwe waangalifu vilevile na vikundi vyetu vya maombi. Siri ya ndoa ya dada ikitolewa "ili tumwombee", na kesho ikasikika kisimani, hapo hatukuomba, tulisengenya. Mama wengi wanalipa washauri mjini kwa sababu moja tu: hawakupata kwetu mtu mmoja anayeweza kunyamaza.

MAMA ANAYEPIGWA

Hili tumelitenga kwa makusudi. Mama anayepigwa nyumbani akisema, "Labda twende mimi na mume wangu kwa mshauri wa ndoa," tunamsihi asianze hapo. Kukaa pamoja mbele ya mshauri na kueleza yanayotendeka usiku kunaweza kumletea kipigo wakirudi nyumbani. Kwanza ni usalama. Aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na hospitalini atibiwe na kuandikiwa majeraha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mshauri wa peke yake atamfaa baadaye, na atamfaa sana, lakini mashauri hayawezi kuchukua mahali pa mlango unaofungwa kwa ndani.

LA KUFANYA JUMA HILI

Akina mama, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hatuandiki haya ili kila mwenye huzuni akimbilie mjini kutafuta ofisi. Tunaandika ili yule aliyeumwa majuma mengi asije akakaa mwaka mzima akijihesabia dhambi, kumbe anahitaji matibabu.

Basi, ukiona hali hii kwako, fanya mambo manne. Chukua daftari la mtoto, andika kwa siku saba: nimelala saa ngapi, nimekula nini, nimelia mara ngapi, ni kazi gani imenishinda. Liandike hata kwa maneno mawili mawili. Mweleze mtu mmoja anayejua kunyamaza. Nenda kituo cha afya ukiwa na daftari hilo mkononi, upimwe mwili na uulize kuhusu ushauri. Ukifika hapo ndipo uamue juu ya kulipa, ukiwa na hesabu ya vikao vyote, na si ya kimoja.

Na wewe ambaye moyo wako ni mzima mwezi huu, mtazame mwenzako aliyeacha kuja kwenye kikundi. Usimpelekee mahubiri. Mpelekee uji, mbebee mtoto saa mbili alale, kisha mwambie, "Nitakusindikiza kliniki Jumanne, na hakuna atakayejua." Msaada huo hautozwi ada, na kwa mama aliyezidiwa huenda ndio unaomfikisha kwenye matibabu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya namna ya kuwaambia watoto kwamba mama anaumwa, bila kuwatia hofu. Tuombeane.